Usiniambie Ugonjwa

Usiniambie ugonjwa, Mwalimu, niambie dalili.
Ugonjwa nitautafuta mwenyewe, ndiyo kazi inayonilisha.
Linalipuka mbele, puani mwa kabureta,
au nyuma, ndani ya ekzosi?
Likiwa baridi, au likishatoka jasho?

Mwalimu Famau anakuna ndevu. Hajui.
Anajua tu kwamba juzi, pale Ngala,
Landirova yake ilipiga tah!
mbuzi watatu wa watu wakaruka mtaro,
na muuza mahamri akalala kifudifudi juu ya beseni lake.
Beseni amelilipa. Mahamri pia.
Kisha gari likazima, kimya, kama mtu aliyesusa.

Kila mtu kashampa dawa.
Jirani: koili. Akanunua koili.
Shemeji: plagi. Akanunua nne, mpya.
Kijana wa bodaboda, ambaye alizaliwa
milango hii ikiwa tayari imeliwa na kutu,
akasema liuzwe chuma chakavu, kwa kilo.
Na wapo walionong'ona kuwa karibu na daraja la Sabaki
pana kitu kisichopenda magari ya kale.
Hilo nililicheka, lakini nikaliandika
kwa chaki ukutani mwa gereji: Sabaki.
Fundi hatupi neno.
Hata neno la kijinga lina kilomita zake.

Nikafungua distributa. Pointi safi,
mwanya wake unene wa ukucha wangu.
Nikachomoa plagi, moja, mbili,
ya tatu sikuhitaji:
nyeupe, kavu, kama mifupa ya dagaa.
Plagi nyeupe ni injini yenye njaa.
Mlipuko ule si nguvu, Mwalimu,
ni tumbo tupu linalonguruma.
Na tangi lina lita thelathini.
Nani huyu anayekufa njaa
mlango wa jikoni ukiwa wazi?

Twende Sabaki, nikamwambia.
Kilomita ya nne, salama. Ya tano, anapiga mluzi.
Ya sita likakohoa, likapiga tah! kwenye kabureta,
likazima.
Akanyoosha mkono kwenye boneti. Nikamwambia acha.
Nikazunguka ubavuni, nikalegeza kizibo cha tangi,
na gari likavuta pumzi,
fsssss, ndefu,
bati la tangi likagonga bong likirudia umbo lake.
Nikapiga starta. Likawaka mara moja.

Nikakigeuza kizibo juani.
Katikati pana kitundu cha kupitishia hewa,
kama tundu la sindano. Kimezibwa.
Si kutu. Si chumvi ya pwani; hiyo ningeisamehe.
Nta ya nyuki, imekandamizwa kwa dole gumba,
mistari ya ngozi bado inasomeka.

Nani kaziba hapa?

Alitazama maji mekundu ya mto kwa muda.
Tangi la gari hili, akasema, liko chini ya kiti.
Miaka miwili nilimpeleka Mwanakheri Kilifi, kila Jumanne,
na harufu ya petroli ilimtapisha hata kabla ya sindano.
Nikaziba.
Msabaha nikishuka, Gede nikishuka, Mida, Matsangoni, Tezo,
na vijiji ambavyo sijui majina,
nafungua, nasubiri, nafunga.
Nilimwambia natazama matairi.
Akicheka: mume wangu kaoa matairi.
Sasa naendesha peke yangu.
Sisimami popote.

Nikachomoa pini ya mtandio wangu,
nikaipitisha katikati, taratibu, hadi nikaona mwanga.
Nta ya pembeni sikuigusa.
Nusu ya dole gumba ikabaki.

Risiti nimemwandikia nyuma ya pakiti ya plagi:
Kitundu kimoja, shilingi mia mbili.
Koili ya zamani ni nzima, usiitupe.
Muuza mahamri anakusalimia, anauliza
utapita lini tena,
ajue upande wa kuweka beseni.